Choo cha kuvuta hakikubuniwa na Crapper

Mhariri,

Makala yenu kuhusu historia ya choo cha kuvuta ilimpa Thomas Crapper sifa ya kukibuni, isiyo yake. Crapper alizaliwa mwaka 1836. Sir John Harington alikwisha kueleza choo chenye tangi na vali mwaka 1596, na mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, akapata hataza (haki ya kisheria ya mbunifu) ya choo chenye bomba lililopinda. Crapper alikuwa fundi na mfanyabiashara hodari aliyeboresha boya la tangi, hilo linamtosha.

Kubwa zaidi ni huo mkunjo wa Cumming, ambao makala iliupita kimya. Maji yanayobaki ndani yake, kwa kawaida kina cha milimita 50 hivi, ndiyo yanayozuia gesi ya majitaka kupanda chumbani. Vali ya kuteleza ya choo cha Cumming ilikuwa ikikwama, ndipo mvumbuzi Mwingereza Joseph Bramah akaweka kifuniko cha bawaba mwaka 1778. Mkunjo ukabaki, na umo hata katika vyoo vyetu vya kuchuchumaa. Pasipo bomba la hewa, yaani linaloingiza hewa katika mabomba ya majitaka, maji ya ghorofa ya juu yakishuka kwa kasi huufyonza mkunjo ukabaki mtupu. Harufu huingia, na mwenye nyumba humwaga dawa bure.

Naomba mchapishe sahihisho pamoja na mchoro wa mkunjo huo. Nao wakaguzi wa majengo wasipitishe ghorofa ambalo bomba lake la hewa halijavuka paa. Choo kisichotumika kwa wiki kadhaa kimwagiwe maji lita moja au mbili, kwani maji ya mkunjo hukauka.

Fundi bomba, Tanga