Kwa vijana wa Lamu wenye makundi ya simu, mtaa wa Mkomani hadi Langoni

Wanangu, assalamu alaikum.

Barua hii ni yenu nyinyi mnaosimamia makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya madrasa, ya mpira na ya harusi. Wazee wenzangu huwalaumu kwa kukatakata maneno. Mimi sina ugomvi na hilo. "Xaxa" na "cjui" zina asili yake. Kwenye simu za vitufe, s ilikuwa ya nne katika kitufe cha 7, kwa hivyo ubonyeze mara nne. X ilikuwa ya pili katika kitufe cha 9, mara mbili tu. "Si" ilitaka mibonyezo saba, c mitatu. Tena ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi 160, ukizidi unalipia wa pili. Aliyeandika "2onane" alikuwa akihesabu senti zake. Leo s na x zote ni mguso mmoja, na xaxa imebaki pambo, kama bakora mkononi mwa kijana. Andikianeni hivyo wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyekufa.

Linalonitia wasiwasi ni kuandika kana kwamba msomaji amekaa nawe barazani, anakuona uso na anajua leo ni siku gani.

Chukueni tangazo la msiba: "Maziko 10:00." Aliyeko hapa anajua ni saa kumi, alasiri imeshasaliwa. Jamaa aliyeko Mombasa anatazama saa ya simu yake, na kwake 10:00 ni saa nne asubuhi. Ataona ameshapitwa, aahirishe safari. Tarakimu zenye nukta mbili ziacheni kwa saa ya simu. Nyinyi andikeni "saa kumi jioni" kwa maneno, au fungeni wakati na sala: "baada ya sala ya alasiri", na msikiti mtaje.

Siku nayo ina mtego. "Usiku wa Ijumaa" kwetu huingia na magharibi ya Alhamisi. Kijana aliyelelewa na kalenda ya simu atafika maulidini usiku wa pili yake, akute mikeka imeshakunjwa. Andikeni "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", na tarehe. "Kesho" msiitumie kabisa kwenye tangazo: ujumbe husukumwa kundi hadi kundi, na kesho yake inasogea nao.

Jina la marehemu liende na la baba na la babu. Majina yetu yanarudiwa sana, na pasipo babu watu hulia mtu aliye hai. Kisha nyumba ya msiba, halafu namba ya jamaa mmoja wa kuulizwa. Mkikosea, WhatsApp inawapa dakika 15 za kuhariri, lakini nakala zilizokwisha kusambazwa hazibadiliki. Kwa hivyo futeni la kwanza, muandike jipya linaloanza na neno SAHIHISHO na kusema kipi kilikuwa kosa. Mkituma la pili kimya kimya, yote mawili yatazunguka mji mzima.

Sasa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kamati yake ikaundwa 1930, na kibodi za simu zimefuata njia hiyo hiyo. Bibi akikuandikia "ndoo", anakuita uje. Mtu wa bara ataona ndoo ya maji. Kwetu kuteka ni kucheka, kwa hivyo "wamemteka mtoto" kwenye kundi la watu wa Mkomani ni mzaha, na kwenye kundi lenye watu wa Nairobi ni sababu ya kukimbilia polisi. Angalieni nani yumo kundini kabla ya kutuma. Lakini msiache ndia (njia), ndaa (njaa) na mtele (mchele) kwa kuogopa mstari mwekundu wa simu. Zimeni masahihisho ya kujiendea, au ingieni kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya kamusi binafsi, muongeze maneno hayo moja moja. Maneno hamsini ya nyumbani ni kazi ya jioni moja.

Salamu na haja viende katika ujumbe mmoja. "Mambo" peke yake, kisha kimya, ni kupiga hodi ukakimbia. Na yule emoji anayecheka hadi machozi, wazee wengi humwona analia tu. Kwenye rambirambi hana kazi.

Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi. Ulizeni kwanza: sheria ya Kenya ya makosa ya mitandao, ilipotungwa 2018, ilimwekea anayechapisha uongo kwa kusudi faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote.

Herufi haziwezi kutenganisha paa la nyumba na paa wa mwituni, ambaye p yake hutoka na pumzi. Sauti inaweza. Mkimrekodi bibi ili kuhifadhi maneno yetu, neno aliseme mara mbili polepole, kisha alitie katika sentensi, isizidi dakika moja. Halafu itoeni sauti hiyo ndani ya mazungumzo, maana simu ikisafishwa nayo hupotea. Ihifadhini kwingine, faili mkiipa jina la neno, mtaa na mwaka.

Wasalaam,
Mzee wenu, Langoni