Kocha mkuu mweusi wa kwanza ni Fritz Pollard

Ndugu Mhariri,

Kuna kosa linalojirudia kila futiboli ya Kimarekani inapoandikwa kwenye kurasa za michezo: Art Shell kuitwa kocha mkuu mweusi wa kwanza wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo Marekani. Shell alikabidhiwa timu ya Los Angeles Raiders mwaka 1989. Fritz Pollard aliinoa Akron Pros, timu ya ligi hiyo hiyo, mwaka 1921, huku mwenyewe akicheza. Miaka 68 iliyo katikati ndiyo habari yenyewe, nasi tunaifuta kwa neno moja, "kwanza".

Pollard, mzaliwa wa Chicago, hakuwa na mwili wa kutisha. Alikuwa na kilo 75 hivi. Lakini mwaka 1916, akiwa Chuo Kikuu cha Brown, aliisaidia timu yake kuzifunga Yale na Harvard msimu mmoja. Wapinzani walimwandama kwa nia ya kumuumiza. Kwa hiyo akiangushwa tu, alijigeuza chali na kupiga miguu hewani kama anayekanyaga baiskeli, ili atakayemrukia mchezo ukiwa umeshasimama akutane na njumu.

Mwaka 1920 ligi ilipoanzishwa, Akron, timu ya mji wa viwanda vya matairi, ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, Pollard akiwa nyota wake. Nyota huyo hakuruhusiwa kubadilisha nguo pamoja na wenzake. Alivalia jezi kwenye kiwanda cha sigara cha mmoja wa wenye timu, ndipo akaenda uwanjani. Naumia kila nikilifikiria hilo.

Alicheza ligi hiyo mara ya mwisho mwaka 1926. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuonekana mchezaji mweusi hata mmoja, wala hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Wenye timu waliacha tu kuwasajili. Pollard akaenda Harlem, mtaa wa New York, kuifundisha Brown Bombers, timu ya Weusi watupu, ili vipaji hivyo vionekane.

Alifariki mwaka 1986. Jumba la heshima la mchezo huo, lililopo Canton, mji jirani kabisa na Akron, lilimwingiza mwaka 2005.

Simpunguzii Shell heshima yake. Ninachoomba, Mhariri, ni maneno mawili tu yaongezwe mtakapomtaja tena: wa kwanza "tangu Pollard".

Msomaji wenu