Ramani ya mafuriko isigeuke amri ya kufukuza watu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kazi ya upimaji wa ardhi. Mto ukifurika au bahari ikila ufukwe, haipiti muda kabla ramani haijachorwa. Wataalamu wanapitisha mstari, na yote yaliyo upande wa maji yanaitwa eneo hatarishi. Mara nyingi hawakosei, maji hufika kweli. Lakini ramani hiyo inaonyesha maji peke yake. Haionyeshi nani anaishi hapo, tangu lini, wala kwa makubaliano na nani. Siku ya kuhamisha watu ikifika, afisa anakuja na karatasi inayosema pana hatari, na hakuna karatasi hata moja inayosema pana haki.

Ninachodai ni kwamba haki za wakazi ziandikwe kabla ya mstari kutangazwa, au angalau siku ile ile. Tukingoja hadi tingatinga liwashwe tumechelewa. Kaya inayohesabiwa wakati nyumba imeshabomolewa haina tena cha kuonyesha.

Najua nitajibiwa kuwa kumwandikisha mtu aliyejenga bondeni ni kuhalalisha uvamizi na kuwaita wengine waje. Nimelisikia jibu hilo kwenye mikutano mingi, na sidhani ni la kupuuzwa. Dawa yake ipo: itangazwe tarehe ya ukomo, kaya zote zihesabiwe kufikia siku hiyo, na atakayejenga baada yake ajue hayumo. Pia tuelewane kuhusu maana ya haki yenyewe. Kumtambua mkazi si kumwambia abaki majini. Ni kumpa kitu anachoweza kuhama nacho, ili akifika kule anakopelekwa awe na kiwanja chenye jina lake badala ya hema na ahadi.

Idadi ya watakaohitaji hili si ndogo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa kufikia 2050 watu hadi milioni 216 katika kanda sita za dunia wanaweza kuhama ndani ya nchi zao wenyewe kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, na kati yao hadi milioni 86 ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Wengi wa watu wa namna hii hukimbilia mjini, na mjini nafasi anayoimudu asiye na fedha ni ile ambayo wengine wameikataa: kando ya mfereji, kwenye mteremko unaomomonyoka, juu ya kinamasi kilichofukiwa. Aliyekimbia ukame shambani anajikuta kwenye mafuriko ya mjini, na huko anaitwa mvamizi.

Tazama yaliyotokea Tacloban, Ufilipino, baada ya kimbunga Haiyan cha Novemba 2013. Ilitangazwa kuwa hakuna kujenga ndani ya mita 40 kutoka baharini. Mita 40 ni kipimo rahisi kwa mwenye futikamba, lakini bahari haikupima hivyo, kwani wimbi la kimbunga lilikuwa limeingia ndani ya mji mbali zaidi ya hapo. Waliobebeshwa mzigo wa mstari ule ni maskini wa pwani, wengi wao wavuvi wasio na hati. Walipewa makazi kaskazini mwa mji, kilomita kadhaa kutoka kwenye mitumbwi yao, mahali ambapo huduma ya maji ilisuasua kwa muda mrefu. Baadaye jina la eneo likabadilishwa: badala ya kukataza ujenzi, likakataza makazi tu, na shughuli nyingine kama utalii zikaachiwa mlango. Sri Lanka nako, baada ya tsunami ya Desemba 2004, kulitangazwa ukanda wa mita 100 upande mmoja wa nchi na mita 200 upande mwingine, huku biashara za kitalii zikipewa nafuu ambayo wavuvi hawakuipata. Tsunami haitokani na tabianchi, lakini wanaochora mistari ya leo wanatumia mkono ule ule.

Hapa ndipo ninapoomba wapangaji wa miji wawe wakali. Ardhi ikitangazwa kuwa hatari kwa mlala hoi, basi ni hatari kwa hoteli pia. Watu wakiondolewa, mpango useme kwa maandishi na kwa nguvu ya sheria kuwa pale pataachwa mto upumue, pataoteshwa mikoko, patakuwa bustani ya wote au uwanja wa kupokea maji ya mvua. Na wahamishwa wawe na haki ya kwenda mahakamani mpango huo ukigeuzwa. Bila kifungu hicho, kila neno la usalama linaacha shaka.

Tena si kweli kwamba haliwezekani. Kijiji cha Vunidogoloa nchini Fiji kilihamia kilomita kama mbili ndani ya nchi kavu mwaka 2014, kikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo kuhamishwa kwa mpango kwa sababu ya bahari kupanda. Kilichorahisisha mambo ni kwamba ardhi mpya ilikuwa ya jamii ile ile kwa mujibu wa mila, hivyo hapakuwa na mwenyeji wa kugombana naye wala hati ya kusubiri. Mjini hatuna bahati hiyo, ila mjini nako watu wamebuni njia. San Juan, Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, wakazi wa kando ya mfereji wa Martín Peña waliona mapema kuwa mfereji ukishasafishwa bei ya ardhi itapanda na wao wataondoka. Kwa sheria ya mwaka 2004 wakaunda amana ya ardhi ya jamii: ardhi inamilikiwa kwa pamoja na haiuzwi, kila kaya ina haki yake ya nyumba inayoweza kurithiwa, na wanaolazimika kupisha kazi ya mfereji wanatafutiwa makazi ndani ya eneo lile lile. Kisiwa hicho hicho kilitufunza gharama ya kutokuwa na karatasi. Kimbunga Maria kilipopita mwaka 2017, watu wengi walionyimwa msaada wa kukarabati nyumba walikwama kwa sababu walirithi bila hati. Ilifika 2021 ndipo shirika la dharura la Marekani likalegeza masharti ya uthibitisho.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wa fani: tuache kung'ang'ania kwamba bila bikoni, yaani alama za mipaka, na vipimo vya sentimita hakuna haki. Programu ya STDM, iliyotengenezwa chini ya UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, iliundwa kurekodi uhusiano wa mtu na ardhi hata pale asipokuwa na hatimiliki. Picha ya setilaiti, simu na vijana wa mtaa wanaomjua kila jirani vinatosha kuanzia. Mipaka ya kitaalamu itafuata. Nilipokuwa kijana nilidhani usahihi ndio haki. Sasa nimeona ramani safi kabisa zilizokamilika wakati wakazi wameshatawanyika.

Wapangaji wa nyumba wasisahauliwe. Fidia huenda kwa mwenye nyumba, na aliyepanga chumba miaka 15 anaondoka na godoro lake. Yeye naye ahesabiwe kwa jina lake. Na hati ya kiwanja kipya iandikwe majina ya mume na mke wote wawili, kwa sababu nimeona mjane akiondolewa mara mbili, kwanza na maji, kisha na mashemeji.

Kuhusu sheria, Afrika haina kisingizio. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2009, ulioanza kutumika 2012, unazitaka nchi zilizouridhia kuwalinda waliohamishwa na majanga, na mabadiliko ya tabianchi yametajwa humo kwa jina. Unataka pia kuwe na utaratibu wa kutatua migogoro ya mali zao. Ni wajibu wa halmashauri kuuteremsha mkataba huo mpaka kwenye daftari la mtaa.

Naomba wahariri na waandishi watusaidie kwa maswali matatu kila mradi wa kuhamisha watu unapotangazwa: orodha ya kaya iko wapi na nani ameiona? Hati za kule wanakokwenda zitatoka kabla ya kuhama au baada? Na ardhi wanayoiacha, imeandikwa kuwa ya nani? Majibu yachapishwe, pamoja na jina la cheo cha aliyejibu.

Mpima ardhi mstaafu