Lochi wa milimani huuawa na njaa, si ugomvi

Mhariri,

Swali ni lile lile kila siku: je, lochi wa vijito vya milimani wa aina tofauti waweza kukaa tangi moja? Tunasema wale samaki bapa, wa urefu wa kidole, wanaoganda kwenye jiwe kama kupe. (Mto Pangani nao una mwenzao kwa tabia, kambare mdogo Chiloglanis deckenii, yeye hunata kwa mdomo, lochi hunata kwa mapezi aliyoyatandaza.) Wanaweza kukaa pamoja. Ila waulizaji wengi huogopa ugomvi, na huo si wa kuogopwa.

Dume la Pseudogastromyzon, lochi wa kusini mwa China, hujitwalia jiwe lake. Jirani akisogea, humpanda mgongoni na kumfunika kama kawa juu ya sinia, wakazungukana, kisha aliyeshindwa anateleza zake. Majeraha ni nadra, mradi mawe bapa yawe mengi kuliko samaki.

Kinachoua ni njaa. Chakula chao ni utando unaoota juu ya mawe: mwani, bakteria na vijidudu vilivyojificha humo. Tangi jipya linalong'aa halina kitu. Ukitia vidonge vya kuzama, Sewellia lineolata wa Vietnam huvifikia kwanza, huku Gastromyzon wa Borneo bado yuko jiweni kwake. Mtazame akiwa kwenye kioo: tumbo likibonyea, hashibi, hata kama anakwangua kutwa. Jaza beseni maji, panga mawe ya mtoni, liweke juani na ulifunike kwa chandarua mbu wasitage. Baada ya wiki mbili hivi, mawe yakiwa ya kijani na yanateleza, ingiza mawili matatu tangini. Yaliyokwanguliwa yarudi beseni. Vidonge navyo vitawanywe pande zote, visirundikwe mahali pamoja.

Usichanganye Sewellia wa aina mbili. Huweza kuzaliana, ukabaki na machotara. Chukua jenasi tofauti, yaani wenye jina la kwanza tofauti, kama Sewellia na Gastromyzon, watano watano, kwenye tangi la urefu wa sentimita 90, lita 150 hivi.

Pampu zisukume mara 10 hadi 15 ya ujazo huo kwa saa, yaani lita 1,500 hadi 2,250, zote zikielekea upande mmoja. Mdomo unaovuta maji uvikwe sponji, la sivyo vifaranga hunyonywa. Joto liwe nyuzi 20 hadi 24. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, na samaki huyu amezoea maji yanayochafuka povu. Kwa hiyo Arusha, Nairobi au Mbeya kazi ni nyepesi. Dar es Salaam na Mombasa, feni juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu tu. Bila mashine ya kupoza maji, ni heri usianze. Tena popote ulipo, umeme ukikatika mkondo umekufa, basi pampu ya hewa ya betri iwe tayari kando ya tangi.

Mfuniko nao usiache mwanya. Lochi hupanda kioo chenye unyevu, na asubuhi huokotwa sakafuni amekauka.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Arusha