Msiharakishe kung'oa pikapu za gitaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wapiga gitaa wa kwaya na bendi za Mbeya na Iringa. Gitaa la umeme likitoa sauti nzito isiyo na makali, lawama zote huangukia pikapu lililokuja nazo, yaani vile vinasa sauti vyenye sumaku vilivyo chini ya nyuzi, na fedha hutoka kabla hakijapimwa chochote. Inaniuma.

Anzeni na nyuzi mpya. Kisha bonyezeni uzi kwenye freti (kile kijiti cha chuma shingoni) ya mwisho, mpime nafasi kati yake na sumaku: milimita 2.5 upande wa uzi mnene na 2 upande wa mwembamba ni mwanzo mzuri. Pikapu ikikaribia mno, sumaku huvuta nyuzi, na noti za juu hulia kama gitaa halijatyuniwa. Bisibisi tu inatosha hapo.

Chomekeni waya kwenye gitaa, fungueni sauti yote, mpime ncha ya pili ya waya huo kwa multimita, kile kipima umeme. Pikapu ya koili moja (msokoto mmoja wa waya mwembamba) husoma takriban kilo-omu 6, na hambaka, yenye koili mbili, 8. Mkiona 250 au 500, mnaipima poti tu, kile kidhibiti cha sauti kilicho chini ya kitufe. Koili imekatika, au waya wake umeachia. Kagueni kwanza viungo vya waya vilivyochomelewa kwa risasi. Kama ni koili, badilisheni bila kusita.

Mkwaruzo unaosikika mkizungusha kitufe ni uchafu wa poti, si pikapu.

Na anayeweka hambaka palipokuwa na koili moja abadilishe pia poti, kutoka 250 hadi 500. Akiiacha ile ya zamani, sauti itakosa makali, naye atalaumu pikapu mpya.

Fundi wa vyombo vya muziki,
Mwanjelwa, Mbeya