Nitumie ile nusu

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, joto tu ndilo linatukosesha usingizi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hapo unaposema hadithi yako umeiacha njiani kwa sababu ya kazi ya tamthilia, nikamkumbuka Leigh Brackett.

Huyu mama wa Los Angeles alianza mwaka 1940, akiandikia yale magazeti ya karatasi duni kama Planet Stories: Mirihi ya miji mikongwe na bahari zilizokauka, Zuhura ya ukungu. Mwaka 1944 akatoa riwaya ya upelelezi. Mwongozaji filamu Howard Hawks akaisoma, akamwambia sekretari wake ampigie simu "huyo bwana Brackett" aje waandike filamu ya The Big Sleep na mwandishi wa riwaya William Faulkner. (Kwetu angesema "niitie huyo Brackett" na aibu isingempata.) Akaingia binti wa miaka 28!

Simu hiyo ilimkuta katikati ya hadithi ndefu ya Zuhura. Basi kurasa zake akampa rafiki yake Ray Bradbury, ambaye kila Jumapili alikuwa akimpelekea hadithi ufukweni Santa Monica amkosoe. Bradbury akamalizia, ikatoka 1946 kwa majina ya wote wawili.

Picha za kauboi zikaja baadaye, za Hawks na mwigizaji John Wayne: Rio Bravo 1959, El Dorado, Rio Lobo. Na ile Hatari! ya kukamata wanyama huko kwenu Arusha, ambayo mjomba wako haishi kuisimulia? Mswada ni wake pia. Usidhani alikuwa anadekezwa. El Dorado aliiandika kivyake, akaipenda kuliko zote. Hawks akamgeuzia mpaka ikawa Rio Bravo tena, jela ileile, ulevi uleule, ila safari hii mlevi ni sherifu mwenyewe. Alinung'unika, akaandika.

Hadithi za nyota na sayari hakuziacha. Alifariki Machi 1978, muda mfupi tu baada ya kukabidhi mswada wa kwanza wa The Empire Strikes Back, ile filamu ya Star Wars.

Sasa ile nusu yako usiichome. Itie kwenye bahasha, umpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi. Mimi si Bradbury, lakini yule mvuvi wako uliniacha naye anazama tangu Ramadhani.

Wako,
Shoga yako wa Tanga