Risala ya Klabu ya Uchumi kwa Mgeni Rasmi: Mchango wa Sekta ya Fedha Unapimwaje?

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, wakubwa shikamooni, wenzetu mambo vipi.

Asante sana kwa kuja, tunajua ratiba yako imebana kwa hiyo historia ya klabu tunairuka. Mwaka huu tumehangaika na swali moja tu: mtu akisimama jukwaani akasema sekta ya fedha inachangia asilimia kadhaa kwenye uchumi wa jimbo, hiyo namba kaitoa wapi? Tumechukua majimbo ya Marekani maana kule ofisi ya serikali ya takwimu za uchumi, inayoitwa BEA, inatoa pato la kila jimbo kivyake, kwa hiyo kuna kitu cha kushika.

Sasa mheshimiwa, kiwanda hakina shida, unachukua thamani ya alichozalisha unatoa malighafi na huduma alizonunua, inayobaki ndo mchango wake. Kasheshe iko benki, kwa sababu huduma yake kubwa haina bei, imejificha kwenye riba. Ndo wanatakwimu wakaja na riba ya kulinganishia, yaani riba tupu isiyobeba malipo ya huduma ndani yake. Tuseme hiyo ni asilimia 5, benki inamlipa mwenye akiba asilimia 2 na inamkopesha mwingine kwa asilimia 10, basi kwenye kila dola 100 benki inahesabiwa imetoa huduma ya dola 3 kwa mwenye akiba na dola 5 kwa mkopaji, jumla 8, ingawa hakuna aliyepewa risiti ya huduma hiyo. Bima nayo ina hesabu yake, michango ya wateja pamoja na faida ya kuiwekeza, ukitoa fidia.

Na hapo ndo panatutia wasiwasi, kwa sababu riba ikipanda kisa benki zimeogopa wakopaji hawatalipa, hesabu inasoma kwamba huduma imeongezeka! Uingereza ilitokea kweli, robo ya mwisho ya 2008, benki ya Marekani ya Lehman Brothers imeshaanguka Septemba, serikali inaokoa mabenki, halafu takwimu zinaonyesha sekta ya fedha inakua kwa kasi. Andrew Haldane, aliyekuwa Benki Kuu yao wakati huo, aliliongelea wazi hilo.

Kuna lingine, watu wanapenda kubeba fungu zima la fedha, bima na majengo wakaliita sekta ya fedha. Mheshimiwa, ndani ya majengo kuna mpaka kodi ya pango ya kukadiria ya mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, yaani kodi ambayo hakuna aliyeilipa, na kwa Marekani nzima upande wa majengo ni mkubwa kuliko benki na bima zikiwekwa pamoja. Kwa hiyo ukiona asilimia imenona sana, uliza kwanza wamechanganya nini.

Halafu suala la mahali. Mwaka 1978 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilisema benki ya kitaifa, yaani yenye leseni ya serikali kuu, inaweza kutoza riba ya jimbo iliko hata kama mteja yuko jimbo lingine. South Dakota ikafuta ukomo wa riba 1980, Citibank ikahamishia kadi zake za mkopo Sioux Falls, Delaware nayo ikatunga sheria yake 1981 na mabenki yakamiminika. Leo Delaware inaonekana jitu la fedha wakati wenye kadi wametapakaa nchi nzima. Na anayefanya kazi Wall Street akalala New Jersey, alichozalisha kinaandikwa New York ila mshahara wake unahesabiwa kwenye kipato cha wakazi wa New Jersey, so ukiangalia pato peke yake hujui nani kanufaika.

Mheshimiwa, maombi yetu sio mengi. Projekta yetu imekufa, hilo tunalisema bila aibu. La pili, kwa kuwa wewe unakaa kwenye vikao vinavyopokea ripoti hizi, tunaomba ukiletewa asilimia ya sekta ya fedha udai benki, bima na majengo viwe safu tofauti, na pembeni waweke ajira, mishahara na kodi iliyolipwa jimboni. Na ukipata nafasi tutumie nakala tuichambue, vijana wana hamu.

Naomba kuwasilisha.